Kutu Isiyo na Kisa: Kigari Kiitwacho "Hanang" na Suala la Uhalisia

Muhula uliopita wanafunzi wenzetu wa sanaa walifanya maonyesho madogo ya kazi zao za mikono. Kazi moja ilikusanya watu kuliko zote: kigari cha mfano cha Land Rover, cha plastiki, chenye urefu usiofika shibiri, kilichoundwa kwa skeli ya 1:24 na kupakwa rangi ili kionekane kimechakaa. Kutu ilikuwa imekila boneti, madigadi, milango na paa. Chini yake palikuwa na kijikaratasi chenye neno moja tu: "Hanang".

Watu walisogeza nyuso karibu, wakatikisa vichwa. Mwenzangu mmoja wa somo la fasihi akasema kwa sauti, "Huu ndio uhalisia wenyewe, bwana!" Wengi wakaafiki. Mimi ambaye ujombani kwetu ni Mbulu na baba yangu ni mtu wa Hanang nilinyamaza, maana sikuwa na hoja; nilikuwa na kinyongo tu, na kinyongo si uhakiki. Makala haya ni jibu langu lililochelewa. Nitajaribu kuonyesha kwamba kigari kile, pamoja na ufundi wake mkubwa, si kazi ya uhalisia. Na kwa kuwa kosa lake ndilo kosa la hadithi nyingi tunazoandika sisi wenyewe hapa chuoni, naomba msomaji asidhani kuwa haya ni mambo ya watu wa rangi na brashi peke yao.

Tuanze na fani, kwa sababu si haki kumhukumu msanii kabla ya kuelewa alichokifanya. Ufundi wa kuchakaza vigari vya mfano una historia yake. Katika miaka ya 1970 na 1980 mafundi kama François Verlinden wa Ubelgiji na Sheperd Paine wa Marekani walisaidia sana kueneza wazo kwamba kigari cha mfano kisibaki kinang'aa kama kilivyotoka kwenye boksi, bali kionekane kimeishi. Tangu hapo zimebuniwa mbinu nyingi. Mojawapo ni ya chumvi. Fundi hupaka kwanza rangi ya kutu, ya hudhurungi iliyokoza. Ikikauka, hulowesha sehemu anazozitaka na kunyunyizia chumvi. Maji yakikauka, chumvi hunata. Juu yake hupuliza rangi ya gari, tuseme kijani. Mwisho huisugua chumvi ikadondoka, na pale ilipokuwa imeng'ang'ania kutu hujitokeza kama vile rangi ya kijani imebanduka yenyewe kwa miaka. Wengine badala ya chumvi hutumia dawa ya kupuliza nywele. Wengine huchovya kipande cha sponji na kugusagusa kingo. Kisha huja rangi iliyozimuliwa sana, inayoteremka kwenye mifereji kama maji machafu, na unga wa rangi wa kuigiza vumbi. Pale chuma kinapotakiwa kung'aa kwa kuguswaguswa, kama kwenye kitasa, hupakwa risasi ya penseli.

Mwenzetu alizitumia karibu mbinu zote hizi, tena kwa mkono uliotulia. Hata suala la vipimo, ambalo huwaangusha wengi, alilimudu. Katika skeli ya 1:24, alama ya milimita moja inasimama badala ya sentimita 2.4 kwenye gari lenyewe. Kwa hiyo punje moja kubwa ya chumvi ikiachwa pasipostahili huwa shimo la kuingiza kidole gumba. Yeye alisaga chumvi yake. Alitofautisha pia kutu changa, ambayo ina uchungwa, na kutu kongwe, ambayo huelekea weusi. Kwa upande wa ustadi, basi, sina neno.

Tatizo linaanza pale tunapouliza swali ambalo mhakiki yeyote wa riwaya angeliuliza: jambo hili limesababishwa na nini?

Likizo ilipofika nilimwonyesha mjomba wangu picha ya kigari kile. Mjomba aliendesha Land Rover kwa miaka mingi katika njia za Mbulu, Dongobesh na Katesh, kabla lami ya Babati hadi Singida haijawekwa. Aliitazama picha kwa muda, akanirudishia.

"Huyu mwenzako," akasema, "hajawahi kuosha Land Rover hata siku moja."

"Kwa nini, mjomba?"

"Boneti ya Land Rover inashika kutu wapi? Ile ni alumini, mwanangu. Chesisi ndiyo inaoza. Gari linaoza chini, huku juu unaliona zima."

Kumbe ndivyo ilivyo. Land Rover ilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma cha pua kilikuwa adimu baada ya vita, na mabati mengi ya bodi yakafanywa kwa mchanganyiko wa alumini. Uamuzi huo ulidumu katika magari ya aina ile kwa miongo mingi. Alumini nayo huingiliana na hewa, lakini hujifunika kwa utando mwembamba unaoilinda. Haifanyi ile kutu nyekundu. Kutu nyekundu ni ya chuma, kinapokutana na maji pamoja na oksijeni. Katika Land Rover kuukuu utaikuta kwenye chesisi, kwenye fremu za milango kwa chini ambako maji hutuama, kwenye sakafu wanapokanyaga dereva na abiria, kwenye bawaba na kwenye rimu. Na pale boliti ya chuma inapokutana na alumini penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa, ikatoa unga mweupe. Yaani kutu ya gari hili ina mpangilio. Inafuata maji, inafuata mkono wa mtu, inafuata mahali ambapo kitu kigumu kilikwaruza rangi.

Hapa ndipo kilipo kiini cha hoja yangu. Kutu si rangi tu. Kutu ni msuko. Kila doa ni tokeo lenye chanzo: mvua iliyoingia kwa mlango usiofunga, matope yaliyoachwa chini ya gari tangu masika, jiwe lililorushwa na tairi, tajiri aliyeona gharama ya kupaka rangi mpya ni kubwa mno. Msanii anayepaka kutu kwa uhalisia anasimulia visa hivyo vyote bila kutumia neno hata moja. Anayeipaka popote inapopendeza anatupa hali bila kisa.

Tofauti hii wanafasihi tunaijua. Mwaka 1936 Georg Lukács aliandika insha mashuhuri akitenganisha kusimulia na kueleza sura za vitu. Kwa maoni yake, vitu hupata maana katika riwaya kwa kuingia katika vitendo na hatima za watu; vikishakatwa kutoka humo hubaki kuwa mapambo, hata vielezwe kwa uangalifu wa namna gani. Sikubaliani naye katika kila jambo, hususan ukali wake kwa wasanii wa karne ya ishirini walioacha njia aliyoipenda. Lakini kwa kigari chetu kipimo chake kinafaa. Kutu ile imeelezwa kwa umakini wa ajabu, na haijasimuliwa hata kidogo.

Najua nitakavyopingwa. Nilipoitoa hoja hii semina, mwenzetu mmoja alisimama akasema, "Wewe unataka kugeuza uhakiki kuwa gereji! Msanii hana wajibu wa kujua metali ya boneti." Pingamizi hili si la kubezwa. Sanaa si nakala. Plato, katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, alimlaumu mchoraji kwa kuigiza kitanda cha seremala ambacho nacho ni mwigo tu wa kitanda halisi, na tangu Aristotle wanafasihi tumekuwa tukijitetea dhidi ya lawama hiyo. Tena sisi wenyewe tunao Kezilahabi, aliyeachana na uhalisia katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), na hakuna mhakiki mwenye akili timamu atakayeyapima matukio ya vitabu hivyo kwa rula ya fundi makenika.

Jibu langu ni hili. Msanii yuko huru kuunda dunia ambamo alumini huota kutu, au hata miti huota kutu, mradi dunia hiyo iwe na sheria zake na atuonyeshe. Mwenzetu hakufanya hivyo. Alitumia kila mbinu ili tuamini kwamba gari hili lipo, kisha akaandika chini yake jina la wilaya ambayo ipo. Aliyejitangaza kuwa shahidi hawezi kukwepa maswali ya shahidi. Tunamhukumu kwa mkataba alioutia saini yeye mwenyewe.

Ili kutoonea, tuitazame kazi nyingine. Likizo hiyohiyo, nikiwa Dongobesh, nilimkuta binamu yangu wa miaka kumi anaendesha kigari chake uani. Bodi ni kopo la mafuta ya kupikia lililokatwa na kunyooshwa. Magurudumu ni kandambili zilizochongwa duara. Ekseli ni waya. Usukani ni waya mrefu unaofika kifuani ili asiiname. Kila aliyekulia vijijini amewahi kuunda kitu cha namna hii, kwa makopo au kwa mabua ya mahindi. Kopo lile lilikuwa na kutu ya kweli. Lilikuwa limelala nje kwa muda, na kingo zake zilikuwa zimeanza kumomonyoka. Na mtoto alifanya nini? Aliikwangua kutu kwa jiwe, akaomba mabaki ya rangi ya mafuta kwa fundi aliyekuwa anapaka geti, akalipaka gari lake rangi ya buluu.

Naam, hapo pana mchezo wa ajabu. Mmoja ana plastiki isiyoweza kushika kutu maisha yake yote, naye anaitafutia kutu. Mwingine ana kutu tayari, naye anaiondoa. Ni rahisi kusema kwamba wa kwanza ni mwanahalisia na wa pili anaota ndoto. Mimi naona kinyume chake. Rangi ile ya buluu ina kisa. Imepakwa kwa sababu bati lisilopakwa linaoza, na kila mtu pale uani anajua hivyo, kuanzia anayetazama paa la nyumba linavyoanza kuliwa kwenye matundu ya misumari. Uchoraji wetu unaojulikana zaidi duniani ulianzia karibu na hapohapo. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora kwa rangi ya kupakia baiskeli, rangi iliyotengenezwa ing'ae na izuie kutu. Mng'ao wa picha zile umetoka dukani kwa vifaa vya baiskeli, mahali ambapo watu wa kawaida hununua ulinzi wa mali yao.

Lakini nisimpambe binamu yangu kwa kuwa ni mtoto na ni ndugu. Kigari chake kina kasoro pia. Taa za mbele ni vizibo vya soda, vikubwa kupita kiasi, na madirisha ameyachora yote upande mmoja tu, ule anaouona yeye akiendesha. Nilipomwuliza kuhusu upande wa pili akajibu, "Huko hakuna mtu anayeangalia." Jibu hilo lingemfaa mwandishi mvivu. Hata hivyo, taa kubwa zile zilinifikirisha. Katika njia ambayo usiku gari hujulikana kwa taa zake kabla ya kitu kingine chochote, mtoto amekuza kile ambacho macho yake yalikikuta kikubwa. Ni kutia chumvi kwenye sababu, tofauti na mwenzetu aliyetia chumvi pasipo sababu.

Sasa turudi kwenye lile neno lililoandikwa chini ya Land Rover, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kwa nini "Hanang"? Nilimwuliza msanii mwenyewe, bila ugomvi. Akajibu kwa ukweli kwamba hajawahi kufika. Alitaka jina la mahali pa mbali, pakavu, ambapo vitu huachwa vikaoza. Yaani kutu ilihitaji chanzo, na yeye hakukitafuta. Akalitwika jina la mahali mzigo wa kuwa chanzo. Mtazamaji anaambiwa: gari limechakaa kwa sababu ni la Hanang. Na Hanang ni nini? Ni mahali ambapo vitu vimechakaa. Hoja imezunguka na kurudi palepale ilipoanzia.

Kutu ya Hanang ipo, sikatai, na ina kisa kirefu. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO) lilifungua katika nyanda za wilaya hiyo mashamba makubwa ya ngano, yakafika saba, yenye jumla ya ekari zipatazo laki moja. Yalikuja matrekta na mashine za kuvunia ambazo watoto wa enzi ile walizitazama kama nyumba zinazotembea. Ardhi ile haikuwa tupu. Ilikuwa malisho ya Wabarbaig, ambao walilalamika kwamba malisho yao na makaburi ya wazee wao yalikuwa yakilimwa. Mambo yakafika mahakamani, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaamua rufaa ya NAFCO dhidi ya kijiji cha Mulbadaw, shirika likashinda. Baadaye msaada wa Kanada ukakoma, na shirika lenyewe halipo tena.

Utotoni niliwahi kuona mashine moja ya kuvunia iliyokuwa imetelekezwa kando ya njia, majani yamepita katikati ya meno yake, mbuzi wamelala kivulini mwake. Ile ilikuwa kutu halisi, na ungeweza kuisoma: minyororo imeganda kwanza, kwa kuwa haikupata grisi, bati la juu limefuata, pale ndege walipozoea kutua, kiti cha dereva kilikuwa kimebaki springi. Kutu ya mashine ile ilikuwa na spea iliyokosekana ndani yake, na fedha za kigeni, na uamuzi wa mkutano uliofanyika mbali, na ng'ombe waliohamishwa. Mtu angeiunda hiyo kwa skeli yoyote anayopenda, akaipaka kwa chumvi ya ziwa Balangida ambayo kiangazi huacha ukoko mweupe, ningeacha shughuli zangu kwenda kuitazama. Lakini angelazimika kwanza kujua kilichotokea.

Tena asidhani kwamba kutu ndiyo hitimisho la hadithi. Wahunzi wa Kidatoga katika bonde la ziwa Eyasi, upande wa pili wa Mbulu, huchukua misumari, kufuli na vyuma vikuukuu, wakavitia motoni na kutoa vichwa vya mishale na bangili. Kwao chuma chakavu ni malighafi. Kina jana, na kina kesho. Katika kigari cha mwenzetu hakuna hata kimojawapo. Gari lile halijawahi kuwa jipya, na hakuna anayetarajiwa kulitengeneza.

Na hapa naomba tujitazame sisi. Mara ngapi katika hadithi zetu za chuoni anatokea mhusika kutoka "huko porini", Mang'ati mwenye fimbo, shuka na vumbi miguuni, asiyesema ila maneno matatu? (Jina lenyewe la Mang'ati si lao, ni Wamasai waliowaita hivyo, kwa maana ya adui.) Mwandishi anampaka ufukara usoni, mavazini na katika lugha, kama vile mwenzetu alivyoipaka kutu boneti ya alumini: pote, sawasawa, kwa sababu inapendeza kusikitikia. Wasomaji wa mjini tunatikisa vichwa na kusema, "Huu ndio uhalisia." Hatuulizi ni wapi maji yaliingilia. Hatuulizi sehemu gani ya mtu huyo ni alumini, haishiki kutu kamwe. Matokeo yake ufukara unaonekana kuwa ni rangi ya watu hao, si jambo lililowapata. Na jambo lisilo na chanzo halina wa kuulizwa wala dawa.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaosema kuwa ni dharau kwa msanii kupaka kutu au kuandika shida za watu. Mwanzoni, kwa hasira, nami niliona hivyo. Lakini fundi anayejua hasa maji yanapotuama kwenye mlango wa gari amelitazama gari hilo kwa heshima kubwa, pengine kuliko mwenye gari. Kinachotudharau ni uvivu wa kutotazama, ukiwa umevishwa ustadi.

Mwenzetu ameshaisikia hoja ya mjomba, na sifa moja lazima nimpe: hakukasirika. Alikigeuza kigari chake juu chini mbele yangu. Chesisi, ambayo ndiyo ingeoza, ilikuwa nyeusi na safi kabisa, haijaguswa na brashi, kwa sababu kwenye maonyesho hakuna anayeangalia huko. Nikamkumbuka binamu yangu na madirisha yake ya upande mmoja. Tulicheka wote wawili, kisha akasema ataanza upya, kuanzia chini. Nami nimeitoa droo hadithi yangu ya mwaka jana, ambayo ndani yake kuna mzee mmoja wa Basotu niliyemvisha vumbi tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Sijapata bado jibu la kwa nini alikuwa maskini. Mpaka nilipate, sitaileta kwenye kurasa hizi.

Anayeona vinginevyo, kalamu anayo.